Kila Mstari Kwenye Picha ya Leza Si Handaki la Wafalme

Kuna picha iliyozunguka majuzi katika makundi ya WhatsApp ya wapenda historia: ardhi ya kijivu iliyokunjamana kama ngozi kavu, na juu yake mistari myekundu iliyochorwa kwa kujiamini kukubwa, ikisindikizwa na habari kwamba "mji uliopotea" umeonekana katikati ya Tanzania. Hakuna aliyeeleza ardhi ilipimwa kwa chombo gani, wala kama yupo mtu aliyewahi kukanyaga mahali penyewe. Pongezi zilimiminika. Mimi nilikasirika, na kwa kuwa hasira hiyo haijatulia, naona niiandike.

Kwanza, ile ya kijivu si picha ya ardhi hata kidogo. Ni kivuli kilichotengenezwa na kompyuta kutokana na vipimo vya mwinuko, mara nyingi vya leza inayorushwa kutoka angani, ambapo jua la bandia huwekwa chini karibu na upeo wa macho ili tuta la sentimita chache, ambalo mguu wa mpita njia hauwezi kulihisi, lionekane. Kwa desturi jua hilo huangaza kutoka kaskazini-magharibi. Lihamishie kusini-mashariki na jicho litakuhadaa, kwani handaki litaonekana tuta na tuta litaonekana handaki. Na mstari unaolala sambamba na mwanga hufifia hadi kutoweka. Ndiyo maana wenye kazi yao hulitazama eneo lile lile kwa mwanga wa pande nyingi kabla ya kuchora chochote. Tena kuna wanaochanganya leza na kamera ya droni. Leza hupenya mianya ya majani ikafika chini, lakini kamera hupima inachokiona tu, kwa hiyo ukirusha droni ya kamera juu ya mashamba ya Pemba utapata umbo zuri sana la vilele vya mikarafuu.

Hayo ya ufundi hurekebishika. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mistari hii hufifia sana, na kwa sababu imefifia, watu huamini lazima ni ya kale. Picha hutuonyesha umbo, haituambii umri. Katika nchi yetu, mshukiwa wa kwanza anapaswa kuwa karne iliyopita. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko kwenye miteremko mingi, na Waluguru walichoshwa nayo hadi wakainuka mwaka 1955. Matuta ya namna hiyo hufuata usawa wa mlima, hufifia kwa mvua na kilimo, na baada ya miaka 70 hufanana kabisa na kazi ya watu wa zamani sana. Kongwa nako, mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza ulioanzishwa mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951 ulileta mashine nzito zilizong'oa vichaka na kuparua ardhi kwa eneo kubwa. Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, iliyowahamisha mamilioni ya watu na kuacha mahame kila upande, pamoja na vijiji vilivyonyooshwa kwa kamba ambavyo vingine navyo havikudumu. Ongeza njia za ng'ombe na vichuguu, ambavyo kwenye vipimo vya mwinuko huonekana kama makaburi ya machifu, na utaelewa kwa nini naogopa kalamu nyekundu.

Niliwahi kumwonyesha mzee mmoja wa Kongwa mistari miwili sambamba kwenye simu yangu. Aliigeuza simu, akaisogeza mbali na macho, akacheka. "Hapo, mjukuu wangu, trekta zilikuwa zikipita kila asubuhi. Baba yangu alikuwa utingo."

Tusidhani kwamba anayetembea kwa miguu hakosei. Mwanaakiolojia Louis Leakey alipofika Engaruka, kwenye magofu ya kale kaskazini mwa Tanzania, mwaka 1935 alihesabu majukwaa ya mawe, akayachukulia kuwa nyumba, akakadiria kwamba palikaa watu zaidi ya 30,000. Watafiti waliofuata walibaini kuwa mengi ya mawe yale yalikuwa ya mashamba, na idadi hiyo ikaporomoka. Baadaye sana, mwanaakiolojia Daryl Stump na wenzake walichimba na kuonyesha kwamba baadhi ya mashamba yale yalijengwa kwa kunasa matope yaliyobebwa na maji, nyuma ya kuta fupi za mawe, tabaka juu ya tabaka. Jambo hilo huonekana kwenye ukuta wa shimo lililochimbwa. Ukiwa angani utaona uwanda tambarare tu.

Nakubali, japo kwa shingo upande, kwamba leza imefanya makubwa. Huko Kweneng, kusini mwa Johannesburg, kuta za mawe za Watswana zilizokuwa zimemezwa na vichaka zilionekana kwa ukamilifu ambao miaka mingi ya picha za kawaida za angani haikuufikia. Lakini hata pale watu walijua kwamba kuna magofu; kilichoongezeka ni ukubwa na mpangilio wake. Habari za "mji uliopotea" ziliandikwa na waliochelewa kufika.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Mchoraji achore mstari kamili kwa kile kilichohakikiwa, nukta kwa kile anachokishuku, na aandike pembeni ni nani alikwenda, na ni wazee gani wa eneo hilo walioulizwa. Bigo bya Mugenyi, eneo la kale kando ya mto Katonga nchini Uganda, ina mahandaki yenye urefu wa jumla unaozidi kilomita 10, mengine yakiwa yamekatwa hadi kwenye mwamba. Watafiti wamepokezana pale: Wayland aliyaeleza kwa maandishi mwaka 1934, Shinnie akachimba mwaka 1957, Posnansky akachimba tena mwaka 1960 na kuyaona kuwa makao ya mfalme, na bado wataalamu wanabishana kama ni ikulu, ngome au uzio wa ng'ombe. Hao walikuwa na majembe mkononi. Ndugu yetu wa WhatsApp alikuwa na kalamu nyekundu na mchana mmoja wa Jumapili.