Alama ya Asilimia na Ugomvi wa Wahariri

Mwaka 2019 shirika la habari la Associated Press liliwaruhusu waandishi wake kuweka alama ya % baada ya tarakimu, badala ya kuandika neno kamili kama mwongozo wao wa uandishi ulivyotaka hadi wakati huo. Kwa mtu wa kawaida hiyo si habari. Kwa wahariri wa Marekani lilikuwa jambo la kujadiliwa kwa uzito. Wa nje anaweza kucheka, lakini mimi nimewahi kubishania "asilimia 5" na "5%" mpaka chai ikapoa, na bado naamini nilikuwa na hoja. Kwa Kiswahili tunatamka "asilimia tano", idadi ikifuata nyuma. Msomaji wa taarifa redioni akikutana na "5%" inabidi aigeuze kichwani kabla ya kufungua mdomo. Hiyo ni sababu, na kanuni yenye sababu naiheshimu.

Nyingine hazina sababu yoyote, nazo nazitetea vilevile. "Dk" au "Dkt."? "Sh5,000" au "Sh. 5,000"? Kila moja inafaa. Kinachochosha ni kuamua upya kila ukurasa. Ukipewa kitabu cha waandishi watatu, mmoja anaandika "kwahiyo", mwingine "kwa hiyo", wa tatu anachanganya kutegemea siku ilivyoamka. Mhariri akijadiliana na kila mmoja, atafika kwenye jedwali ambalo jumla yake haikubaliani na mistari yake akiwa hoi, na kosa litapita. Mwongozo humpunguzia mizozo midogo ili abaki na nguvu za kuyaona makubwa.

Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Kanuni za Horace Hart, msimamizi wa kiwanda cha uchapaji cha Chuo Kikuu cha Oxford, zilianza mwaka 1893 kwa ajili ya wapanga herufi na wasoma prufu wake tu. Ziliuzwa kwa umma mwaka 1904. Mwongozo wa Chicago, uliotoka mwaka 1906, nao ulikusanya kanuni ambazo wachapaji wa Chuo Kikuu cha Chicago walikuwa wakizitumia. Utangulizi wake ulitahadharisha kwamba kanuni hizo si sheria ngumu kama mwamba, kwamba zimewekwa kwa hali za kawaida na zitumike kwa kulegeza panapohitajika. Leo kitabu hicho kina kurasa zaidi ya elfu moja, na wapo wanaokishika kana kwamba kimeteremshwa.

Mwaka 2014 Associated Press, katika mkutano wa wahariri mjini Las Vegas, ilitangaza kwamba neno la Kiingereza "over" linaweza kutumika kwa maana ya "zaidi ya" mbele ya idadi. Malalamiko yakamiminika. Walikuwepo wahariri waliolifuta neno hilo maisha yao yote ya kazi, na sasa wakaambiwa halikuwa na ubaya. Uchungu ule nauelewa. Kazi yetu haionekani ikifanywa vizuri, na kujua kanuni ambazo wengine hawazijui ndiyo sehemu ya heshima yetu. Kanuni ikifutwa, mtu huhisi amenyang'anywa cheo.

Lakini hapohapo ndipo mhariri huharibika. Mwandishi anauliza kwa nini sentensi yake imebadilishwa, anajibiwa "mwongozo unasema", na mazungumzo yamekwisha. Nimeona mswada wa hadithi ambamo bibi wa Mji wa Kale, Mombasa, alisema "nshamwambia", mhariri akamrekebisha mara zote kuwa "nimekwisha kumwambia". Bibi wa watu akawa anaongea kama tangazo la ofisi ya wilaya. Kanuni ile ni nzuri kwa ripoti ya bajeti. Ndani ya alama za kunukuu ilikuwa uharibifu.

Sisi wa Kiswahili tuna shida ya upande wa pili: miongozo inayopatikana kwa kila mtu ni michache, na mara nyingi kamusi ndiyo hufanywa mwongozo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) ya mwaka 1981 na Kamusi Kuu ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) ya mwaka 2015 zitakupa tahajia na maana. Hazikuambii ufanye nini na saa. Taarifa ya nje inasema mechi itaanza 20:00. Mfasiri mwenye haraka anaandika "saa 8 usiku", na shabiki wa Tanga anaweza kutega simu imwamshe usiku wa manane kutazama mpira uliokwisha zamani. Hata aliyeandika "saa 2 usiku" kwa usahihi hajamaliza kazi. Saa hiyo ikigonga Dar es Salaam na Nairobi, kule Bujumbura, Kigali na Goma ni saa 1, na Muscat ni saa 3. Tumezoea kuandika "saa za Afrika Mashariki", ilhali Burundi na Rwanda nazo zimo katika Jumuiya. Mwongozo wa chombo chochote kinachosomwa kuvuka mipaka uanze na ukurasa huu, kabla haujagusa nukta na mkato. Kisha useme wazi unamwandikia nani, maana mbunge wa Kenya ana eneobunge na wa Tanzania ana jimbo, na kitabu cha soko zote mbili hakiwezi kukwepa uamuzi huo.

Mimi kila mswada naufungulia karatasi yake: majina, tahajia, vifupisho, namna ya kuandika tarehe. Mbele ya kila uamuzi naandika sababu yake, hata ikiwa ni "nimechagua tu". Mwandishi hupewa nakala mapema, akitaka kubisha abishe kabla kazi haijaanza. Kuna katazo moja ambalo sijaliweka humo, la kuanza sentensi kwa "Na" au "Lakini". Wapo waandishi wanaoniuliza ruhusa hiyo nimeipata wapi. Nami huwauliza katazo wamelipata wapi, na mpaka leo sijaletewa ukurasa.