Kilo Nne na Nusu

Kabla hamjaendelea kurushiana ile sauti ya shoga yangu anayosimulia kisa changu na mzee aliyekuja kumchukua paka wangu, nisikilizeni na mie. Kwanza, yule mzee hakupigwa. Pili, sikupanda juu ya meza ya mtu. Nilipanda kile kiukuta cha bustani, na kiukuta cha Forodhani, pale Mji Mkongwe panapouzwa vyakula vya jioni, ni cha umma.

Sababu ya kumtoa Nahodha, paka wangu, mnaijua: mtoto wa kaka ana pumu, daktari kasema manyoya yatoke ndani, na Mama kasema paka akibaki yeye anahamia Makunduchi kwa dada yake. Basi nikaweka tangazo.

Na tangazo langu, wallahi, lilikuwa la mtu mwenye akili zake. Sikutaja mtaa. Picha niliikata mlango usionekane. Neno "bure" sikuliandika, maana bure huleta kila kiumbe. Bei nayo sikuweka, kwa sababu baba mdogo alishanisomea hadithi ya Sahih Muslim inayokataza thamani ya paka. Nikamwambia masheikh wengi wa Kishafii wanasema makatazo yale ni ya karaha tu. Akaniuliza tangu lini nimekuwa mufti. Tukamalizana hivi: atakayemchukua arudishe gharama za chanjo, basi.

Wakaja. Mmoja yuko Dar, anamtaka sana, atanipa hata laki mbili, ila kwanza nimtumie elfu ishirini ya kibali cha kusafirishia, "itarudi pamoja na hela yako". Nikamwuliza paka mwenyewe ana rangi gani. Akajibu: rangi nzuri. Mwengine hakuuliza habari za paka hata kidogo. Anataka kujua nakaa wapi, na nani, na mume wangu hurudi saa ngapi. Huyo nilimfungia palepale, na nyinyi mfungieni, msijibizane naye. Kisha kuna mtoto aliyenitumia ujumbe wa sauti ananong'ona. Nilipomwambia ampe mama yake simu, akapotea.

Halafu akaja mzee wa Wete, kule Pemba.

"Assalamu alaykum mwanangu. Huyo paka kahasiwa?"

Kahasiwa, nikamwambia.

"Ana kilo ngapi?"

Nyie mshawahi kuulizwa kilo za paka? Nikampeleka dukani, akapandishwa kwenye mizani ya sukari huku muuza duka anasoma dua. Kilo nne na nusu.

"Vizuri sana," akaandika mzee.

Vizuri kwa lipi? Shoga yangu aliposoma akaniangalia kwa huruma. "Kahasiwa, na kilo zake zinaulizwa? Wee, huyo hataki paka. Huyo anatafuta ndafu."

Nikamtetea mzee wa watu. Nilimtetea mpaka usiku ulipoingia ujumbe wa mwisho: "Tangu leo usiku asile kitu. Tumbo liwe tupu." Nikakaa kitako.

Mwenye busara angekataa, akalala zake. Shoga yangu akasema ukikataa atampata paka wa mwengine, lazima tumkamate hadharani. Basi tukapanga. Mgeni humwiti nyumbani, unamkuta penye taa na watu, kwa hiyo tukasema Forodhani, baada ya Magharibi. Mdogo wangu wa kiume akae kwenye juisi ya miwa kama mteja. Shoga yangu na simu. Mie nikiangusha mtandio, mdogo wangu amkamate.

Sasa nisikilizeni taratibu, maana hapa ndipo nilipofia.

Mzee kakaa ubavuni mwa meza ya mishikaki. Kanzu nyeupe, kofia ya viua, miguuni pakacha na kamba. Mkononi mshikaki, anatafuna polepole. Nimemkaribia na kikapu changu, nimeshapanga maneno makali, na mdomo wenyewe ukatoa: "Shikamoo."

"Marahaba mwanangu." Akachungulia kikapuni. Akatabasamu. "Ndiye huyu? Mashaallah. Kanona."

Kanona!

Ile sauti iliyonitoka sijui niliazima kwa nani. "MLA PAKA! Jamani, paka analiwa hapa!"

Forodhani ikanyamaza. Muuza urojo akaganda, upawa uko juu. Baba mmoja wa watu, mshikaki uko nusu ndani ya mdomo, akaacha kutafuna. Akauangalia mshikaki. Akamwangalia Nahodha. Akamwangalia muuzaji. Kisha akaurudisha kwenye sahani, taratibu, kama anayeweka yai. Mkewe akafuata. Meza nzima ikafuata. Nikaelewa, na nilichelewa kuelewa, kwamba hakuna hata mtu mmoja anayemtazama mzee. Wote wanaitazama nyama.

"Dada! Dada!" muuzaji analia. "Hii ng'ombe! Nimeinunua Darajani asubuhi!"

Nikaona niwarekebishe. Ndipo nilipopanda kile kiukuta. "Si mishikaki! Mishikaki kuleni! Mla paka ni huyu!" Namnyooshea kidole mzee, na mzee kashika mshikaki. Pembeni mtembeza wageni anawatafsiria wazungu wake, neno kwa neno, na mama mmoja wa kizungu kaziba mdomo kwa viganja viwili.

Katika kupanda, mtandio ukaanguka. Mdogo wangu akatoka mbio akamkumbatia kwa nguvu mnunuzi wa juisi ambaye hata hatumjui. Kikapu kikafunguka. Nahodha akaruka hadi meza ya pweza, akachukua mkia wake mmoja, akakimbia nao moja kwa moja hadi mapajani kwa mzee, akaanza kula.

Mzee hakuinuka. Alijifuta vidole.

"Mwanangu, kilo ni za dawa ya minyoo. Nimestaafu bwana mifugo, dawa hutolewa kwa kilo."

Na tumbo tupu?

"Mkondo wa Nungwi huujui? Paka aliyeshiba atatapika boti zima."

Na kuhasiwa?

"Dume asiyehasiwa hukojolea makochi. Mke wangu hataki."

Na kanona?

"Sasa nikwambie kakonda?"

Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Muuzaji peke yake hakucheka. Kisha mzee akaniomba kadi ya chanjo. Anasema Pemba walichanja mbwa mpaka kichaa cha mbwa kikaondoka, na mwaka 2016 kikaingia tena kutoka nje, wakaanza upya. Kwa hiyo yeye mnyama hampandishi botini bila karatasi, hata awe paka wa nani. Kadi nilikuwa nimeiacha nyumbani. Kwa usalama.

Yaliyobaki mafupi. Nimelipa mishikaki ya meza nzima na pweza. Mdogo wangu kamwomba radhi yule wa juisi, nasikia sasa ni marafiki. Kadi ikaletwa, mzee akarudisha pesa za chanjo hadi shilingi ya mwisho, asubuhi wakaondoka Malindi. Nahodha alitapika njia nzima, kwa ajili ya ule mkia wa pweza. Sasa analala juu ya gunia la mchele huko Wete, picha ninayo, na ndiyo, kanona zaidi.

Tahadhari zangu sizifuti hata moja. Kilichozidi ni sauti. Forodhani kwa sasa sikanyagi, napita nyuma ya Ngome Kongwe kama mdaiwa. Na yule wa Fuoni aliyeniuliza jana kama ninaye paka mwengine wa kutoa: sina. Ila jirani yangu anaye. Tuma picha ya unapoishi, na ueleze paka wako wa kwanza alikwenda wapi.