Gari la mjomba linakonyeza madereva

Ukiwasha indiketa ya kushoto, taa kubwa ya kushoto inafifia. Indiketa ikizima, taa inapata nguvu. Tik, giza, tak, mwanga. Dereva wa lori aliyekuwa anakuja mbele yetu akaona anakonyezwa, akapunguza mwendo, akasimama sambamba nasi na kutoa kichwa dirishani.

"Kuna askari huko nyuma yenu?"

"Hakuna," nikasema.

"Sasa mnaniita mna shida gani?"

Mjomba akanijibia: "Globu tu imelegea." Akashuka, akaichapa taa kofi, ikawaka yote. Akarudi kwenye usukani na maringo ya daktari bingwa. Tuta la kwanza, ikazima.

Ubaya wa kofi ni kwamba linafanya kazi. Mahali palipolegea panatikisika, chuma kinagusa chuma kwa muda, taa inawaka, na tangu hapo mwenye gari humwambii kitu. Mjomba alikuwa ameshabadilisha globu kadhaa za H4, aina inayobeba dimu (mwanga wa chini) na fulu (mwanga wa mbali) ndani ya kioo kimoja, na zote alizozitoa akazitangaza marehemu. Nikazigusisha moja kwa moja kwenye betri, nimezishika kwa kitako bila kugusa kioo, maana mafuta ya vidole huiua globu ya halojeni kabla ya siku zake. Zikawaka zote, dimu na fulu. Mjomba akazitazama kwa kinyongo, kana kwamba zilimdanganya makusudi.

"Lakini nilipima! Volti 12 zilifika!"

Zilifika kweli, ila alipima soketi ikiwa tupu. Multimita, yaani kile kipima umeme, inavuta umeme kidogo mno, kwa hiyo hata njia mbovu inaonekana nzima. Dimu ya wati 55 inataka ampea 4 na nusu hivi. Hapo kizuizi cha nusu ohm tu kinameza karibu volti 2, na mwanga unabaki kama nusu. Taa ipimwe ikiwa inawaka. Vinginevyo unapima matumaini.

Kwangu ushahidi ulikuwa kwenye dashibodi: alama ya bluu ya fulu iliwaka kwa mbali wakati swichi iko kwenye dimu.

"Hiyo ni ya zamani," mjomba akasema. "Nimeizoea."

Aliizoea, lakini ndiyo iliyokuwa inataja mwizi. Globu ya H4 ina pini 3: dimu, fulu, na hasi wanayoshirikiana, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Hasi ikikatika, umeme ulioingia kwa dimu haukosi pa kutokea. Unarudi kinyumenyume kupitia waya wa fulu, unakwenda kuishia kwenye taa ya upande wa pili, na njiani unaigusa ile alama ya bluu. Indiketa nayo ilifungwa hasi hapohapo, hivyo taa kubwa ilikuwa inapumulia kwenye waya wake. Indiketa ikipata umeme wake yenyewe, mlango huo unafungwa na taa inafifia. Hii ni kwa gari linalowashia taa upande wa chanya. Yapo yanayokata upande wa hasi, na huko hesabu inageuka.

Nikaacha soketi kwenye globu, nikawasha dimu, ncha moja ya multimita kwenye hasi ya betri na nyingine nikaichomeka kwa nyuma kwenye pini ya hasi. Inatakiwa isome chini ya volti 0.2. Ilisoma 3.8.

"Tatu nukta nane ni nzuri?"

"Kwa homa labda, mjomba."

Nikaufuata waya hadi kwenye bolti ya spana namba 10, nyuma ya taa. Gari liliwahi kupigwa rangi, na aliyerudisha bolti aliifunga juu ya rangi mbichi, inang'aa vizuri kabisa. Rangi haipitishi umeme. Kilichokuwa kinapitisha ni meno ya bolti peke yake, nayo yalishaota kutu. Msasa mpaka chuma cheupe, kichwa cha waya kikasuguliwa pande zote mbili, bolti ikakazwa, grisi ikapakwa juu kuzuia maji. Multimita: 0.06. Indiketa ikawaka, taa haikutikisika hata kidogo. Alama ya bluu ikazima.

Usiku tukalielekeza gari ukutani, mita 10. Ukingo wa mwanga wa dimu unatakiwa ushuke sentimita 10 hivi chini ya kimo cha taa yenyewe. Wa kulia ulikuwa sawa. Wa kushoto ulipita juu ya ukuta, juu ya paa, ukamulika popo kwenye mti wa jirani.

Nikafungua. Kipingili cha plastiki kinachoshika skrubu ya kurekebishia mwelekeo kilikuwa kimevunjika vipande viwili.

"Hiki kimevunjwa na nini?" mjomba akauliza, mkono ameuficha mfukoni.