Jiwe la Zambarau

Mke wangu aliniachia agizo moja tu alipokwenda kulala kwa dada yake: "Baba watoto, zile bluberi usiziguse mpaka nirudi kesho."

Zilikuwa kilo nne, za msimu hasa, buluu imekolea mpaka kwenye kikonyo. Hapo ndipo pa kuangalia. Ukiona wekundu pale kwenye kikonyo, ujue tunda liliharakishwa, na bluberi ikishachumwa haiongezi utamu hata uibembeleze. Hizi hazikuwa na wekundu wowote. Kasoro niliyoiona mimi ilikuwa vumbi jeupe juu ya ngozi. Nikasema, uchafu gani huu? Nikazimwaga zote kwenye beseni, nikazisugua hadi zikang'aa kama viatu vya askari wa gwaride.

Kumbe lile si vumbi. Ni nta ya tunda lenyewe, inayolizuia lisinyauke na kulikinga na ukungu. Bluberi kavu, yenye nta yake na ambayo haijaguswa maji, hukaa kwenye jokofu wiki moja, hata mbili. Unaosha zile unazokula muda huohuo, basi. Zangu nilikuwa nimeshazivua nguo zote kilo nne.

Nikazitia ndoo, zikiwa zinachuruzika maji, nikafunika, nikaisukuma ndoo ndani ya friza. Nililala usingizi wa mtu aliyeokoa familia.

Mke wangu alirudi asubuhi na wazo la keki. "Nipimie kikombe kimoja cha bluberi."

Kikombe kimoja! Niligeuza ndoo juu ya meza, likatoka jiwe. Jiwe la zambarau, lenye umbo la ndoo, hadi alama za mistari ya kupimia zimejichora ubavuni. Maji yaliyobaki katikati ya matunda yalikuwa yameganda yakayashika kama saruji inavyoshika kokoto. Ukitaka kugandisha bluberi, ziwe kavu kabisa, uzitandaze kwenye sinia tabaka moja, zisilaliane, uzipe saa tatu au nne zigande kila moja kivyake. Ndipo unazitia kwenye mfuko wa friza, unakamua hewa, unafunga. Hapo ukitaka kikombe unapata kikombe.

Mimi nilichukua mchi. Pigo la kwanza, mchi ulidunda. Pigo la pili, jiwe liliteleza mezani likashukia kidole changu cha mguu, kisha likajiviringisha taratibu chini ya kabati, kama linakwenda kupumzika. Mke wangu hakucheka. Alisema tu, "Naenda kuoga," akaondoka na mabega yake yakitikisika.

Nikaamua kupika jamu, maana jamu haiulizi tunda lilikuwa na umbo gani. Jiwe likaingia zima kwenye sufuria, likajaza hadi ukingoni, nikamimina sukari juu yake. Wanaojua hupika kidogo kidogo: kilo moja ya tunda, sukari gramu 700, maji ya malimau mawili ili pektini, ile inayoifanya jamu igande, ishike, na sufuria isipite theluthi moja, kwa sababu jamu ikichemka hupanda kama maziwa. Ukipika nyingi kwa mkupuo inakaa motoni muda mrefu mno, na pektini inaharibika.

Yangu ilipanda. Povu la zambarau lilivuka ukingo, likazima moto, likateremka sakafuni. Nikalizuia kwa kifua. Nilikuwa nimevaa shati jeupe la pamba, alilonishonea mama mkwe.

Nikakumbuka kwamba bikaboneti ya soda huondoa madoa. Nikainyunyiza, nikasugua, na doa likageuka kijani mbele ya macho yangu. Rangi ya bluberi ndivyo ilivyo: ikikutana na asidi inakuwa nyekundu, ikikutana na soda inakwenda buluu, kisha kijani. Ndiyo sababu keki yenye soda nyingi hutoka na matunda yamezungukwa na duara za kijani.

"Wewe unaoza?" mke wangu aliuliza kutoka mlangoni, taulo kichwani.

Shati alilinusuru yeye: siki kwanza, likarudi kuwa jekundu, kisha akalivuta likakaza mdomoni mwa beseni, akamwaga juu yake maji yanayochemka kutoka kwenye birika lililoinuliwa juu.

Jamu iliyobaki sufuriani niliiwashia tena moto, nikaiacha hadi nikaona inatosha. Kipimo ni kuweka tone kwenye sahani iliyotoka friza: ukilisukuma kwa kidole likakunja ngozi, zima moto. Mimi nilipima kwa macho. Nilijaza chupa sita. Ya kwanza nilipochovya kijiko ili nionje, kijiko hakikutoka, na mtoto wetu wa mwisho sasa anaibeba chupa ile kwa kukishika kijiko.

Kikombe cha keki bado nadaiwa.