The Woman King: mashujaa wa Dahomey na watu waliowauza

Filamu ya The Woman King ilipotoka Septemba 2022, ugomvi mkubwa ulikuwa wa watu weusi wenyewe kwa wenyewe. Wapo waliofurika kumbini kumwona Viola Davis akiongoza Agojie, jeshi la wanawake wa ufalme wa Dahomey, Benin ya leo. Wengine, hasa Wamarekani weusi, walihimiza isusiwe: hao mnaowashangilia ndio waliowateka mababu zetu wakawauza.

Watetezi wana hoja. Filamu haifichi kwamba Dahomey iliuza watu. Nanisca, jenerali anayechezwa na Davis, anamwambia Mfalme Ghezo waziwazi kwamba biashara hiyo itawaangamiza, afadhali wauze mawese. Na mawese kweli yalikuja kuwa bidhaa kubwa ya nchi ile. Tena tukumbuke Hollywood ilikotoka: Oscar ya kwanza kwenda kwa mtu mweusi, mwaka 1940, Hattie McDaniel aliipata kwa kucheza mtumwa wa nyumbani. Hapa mwongozaji Gina Prince-Bythewood anawapa wanawake weusi filamu nzima, wapigane, wataniane, waamue mambo ya nchi. Anayeliona hilo dogo hajakaa sana mbele ya skrini.

Kinachonikwaza mimi ni adui aliyechaguliwa. Santo Ferreira, mnunuzi wa watumwa kutoka Brazil, ni mtu wa kubuni. Anauawa katika bandari ya Ouidah na ukumbi unashusha pumzi. Katika historia, anayefanana naye ni Francisco Félix de Souza, na huyo hakuuawa na mtu. Alimsaidia Ghezo kumpindua nduguye mwaka 1818, akapewa cheo cha Chacha, akafa mzee mwenye heshima zake mwaka 1849. Yaani Ghezo tunayemwona akishawishika kuacha utumwa aliingia ikulu kwa msaada wa mwuza watumwa. Hadithi imewekwa mwaka 1823. Ghezo halisi alitia saini mkataba wa kuacha mwaka 1852, na hapo ni baada ya manowari za Waingereza kumzibia pwani.

Hata baada ya Ghezo kufa mambo hayakuisha. Mwaka 1860 askari wa Dahomey walivamia mji wa kijana aliyeuzwa Marekani na kuja kujulikana huko Alabama kama Cudjo Lewis. Uzeeni alimsimulia mwandishi Zora Neale Hurston jinsi askari wanawake walivyowakata watu vichwa alfajiri ile. Ukishasoma maneno yake, waliosusia huwezi kuwaita wakorofi tu.

Watu husema sinema si darasa la historia. Sawa, lakini Sembène Ousmane, mwongozaji wa Senegal, hakuhitaji darasa. Katika filamu yake Ceddo, ya mwaka 1977, mfanyabiashara mzungu amekaa kijijini na bunduki zake, na wanakijiji wanamletea watu wao wenyewe ili wapate silaha za kupigania uhuru wao. Unawaonea huruma na kuwalaumu kwa wakati mmoja. Binti mfalme anayemuua imamu aliyenyakua kiti cha babake hapungukiwi ushujaa kwa sababu jamii yake iliuza watu.

Lakini Sembène hakuwa na dola milioni 50 za studio za kurudisha, kama The Woman King. Fedha nyingi kiasi hicho zinataka mwovu atoke nje, na afe kabla taa hazijawashwa.