Wakae karibu na mama aliyemlea

Mnaandika kwamba mtoto alilia siku ya kwanza mikononi mwa wazazi kutoka Ulaya waliokuja kumuasili. Wasivunjike moyo! Mimi ni mlezi wa watoto hapa Bukavu. Mtoto anajua harufu na sauti ya yule anayemwogesha na kumpa uji. Waje kila siku, wakae kwenye mkeka karibu na mama huyo, wamlishe yeye akiwepo, wajifunze nyimbo anazoimbiwa akisinzia. Hati nazo zikaguliwe mapema: Septemba 2013 DGM, idara ya uhamiaji ya Kongo (DRC), ilisimamisha vibali vya kutoka nchini kwa watoto walioasiliwa, wengine wakakulia vituoni wakingoja. Na jamani, kwanza waulize kama hakuna bibi au shangazi huko mtaani Kadutu au kijijini anayemtafuta.