Kitanda cha Zamu, Mwembe Tayari

Nina shangazi Kisauni, na kila mtu akisikia kwamba nilikwenda Mombasa nikalala lojing'i huniuliza kwa nini sikufikia kwake. Kwa shangazi hulipi chumba, kweli. Lakini huingii bila sukari, mchele na kitu cha wajukuu, halafu kila usiku unaulizwa utaoa lini mpaka usingizi unakukimbia. Nilipiga hesabu nikaona kulipia chumba ndiyo nafuu.

Ilikuwa Desemba, mwezi ambao Nairobi nzima huteremkia pwani kwa treni na bei za vyumba zikapanda. Mimi nilitoka Tanga kwa basi, tukavuka mpaka wa Horohoro, hadi Likoni. Kwenye feri mwenda kwa miguu halipi hata senti, nikajidanganya kwamba mji wote ndivyo ulivyo. Nyali sikuthubutu kuuliza. Mji wa Kale, karibu na Fort Jesus, nilitajiwa bei, nikaizidisha kwa ishirini (shilingi yao moja kwetu Tanzania ni karibu ishirini), nikashukuru na kuondoka bila hata kutua begi.

Nyuma ya Mwembe Tayari nikamkuta mzee amekaa kibarazani na dele lake la kahawa.

"Wataka kulala?"

"Nataka."

"Mia nne."

Nikalipa upesi asije akajirekebisha.

Chumba kilikuwa na feni inayozunguka kweli, neti ya kuridhisha, na vitu vingine nilivyovihesabu kuwa ukarimu wa watu wa Mvita: malapa mlangoni, kipande cha sabuni ya mche, tende kwenye kopo, na ovaroli ya buluu msumarini. Ovaroli ilinitatiza kidogo, ila kwa mia nne mtu haulizi mengi. Malapa nikayavaa. Tende nikazila.

Asubuhi nikafunga kikoi, nikachukua ile sabuni, nikaenda bafuni uani, mlango nimeuegesha tu. Maji ya bomba lile yalikuwa ya kisima, chumvi tupu. Sabuni ya mche kwenye maji ya chumvi haitoi povu. Inaganda mwilini kama ukoko wa wali. Maji matamu huletwa na mkokoteni, kwa mitungi, na hununuliwa. Hilo mzee hakulitaja. Nikarudi chumbani mweupe, jicho moja nimelifumba, nikasukuma mlango. Umekomewa.

Nikagonga.

"Nani?" Sauti nzito.

"Mwenye chumba."

"Mwenye chumba ni mimi."

"Basi mimi ni nani?"

Akafikiri kidogo. "Utanambia jioni," akasema, na mkoromo ukafuata.

Nikamkimbilia mzee. Hakushtuka hata kidogo. "Ah, huyo wa bandarini. Afanya zamu ya usiku Kilindini. Yeye huingia asubuhi, wewe hutoka asubuhi. Kitanda kikae bure kwa nini?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuuliza wataka kulala, ukasema wataka. Hukunambia wataka kukaa."

Suruali yangu, simu, pesa, hati ya kusafiria, vyote vilikuwa mle ndani. Nikamwomba amwamshe. Akatikisa kichwa. "Aliwahi kuamshwa mara moja. Mlango ule ni mpya."

Sina budi kumsifu mzee: alinikopesha mtungi wa maji matamu, akanipa shati na kofia, akaniagizia mahamri na mbaazi za nazi. Na Mombasa, mwanamume mwenye kikoi na kofia amevaa akakamilika. Nilikaa pale kibarazani, wapita njia wakinitolea salamu za heshima na mimi nikizipokea. Adhuhuri ilipoadhiniwa mzee akainuka kwenda msikitini. "Nishikie hapa, yakhe."

Hakufika hata kwenye kona, akaja kijana anaburuta sanduku, kashuka kwenye treni, jasho linamtiririka. "Mzee, chumba iko?"

Mzee! Mimi ambaye shangazi bado anantafutia mchumba! Kwa hasira nikamtajia mia nane. Akalipa palepale. Nikamwambia arudi magharibi, nikampa ufunguo pekee uliokuwa ukining'inia ubaoni.

Mzee aliporudi nikamkabidhi pesa kwa mbwembwe. Akazihesabu, akanirudishia mia mbili kama haki yangu, akasema kazi hii naiweza. Kisha akautazama ubao.

"Umempa ufunguo upi?"

"Ule uliokuwepo."

"Huo ni wa chumba chako."

Tukatazamana. Akanimiminia kahawa, akaninyooshea mkono. Nikadhani ananipa pole.

"Darini kuna upepo mzuri wa bahari," akasema. "Ni hizo mia mbili. Lakini mwisho wako saa nane za usiku. Saa nane hurudi yule wa mishkaki."